Samaki malaika wanakufa na maji ni meupe kabisa: tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Tabata, Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilinunua tangi la lita 60 (urefu sentimita 60, upana 30, kina 35) lenye filta ndogo ya sponji, pamoja na samaki malaika sita wadogo, mwili kama sarafu. Niliwaweka siku hiyo hiyo. Wanne wameshakufa, wa kwanza siku ya tano. Usafi nafanya: kila Jumapili nawatoa kwenye ndoo, namwaga maji yote, naosha tangi, kokoto, makome na sponji kwa maji ya bomba mpaka ving'ae, kisha najaza upya na kuwarudisha. Chakula nawapa mara tatu kwa siku. Wawili waliobaki wanahema juu juu ya maji, na mmoja anamfukuza mwenzake kutwa nzima. Maji yenyewe meupe, unaona mpaka ukuta wa nyuma. Nikanunue wengine wa kujazia, au nimekosea wapi?

JIBU: Pole kwa hasara, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho: usinunue samaki mwingine hata mmoja kwa sasa. Ukiongeza wanne leo watafuata wenzao, maana kilichowaua bado kimo tangini. Kwa dalili ulizoeleza, mhusika mkuu ni amonia, pengine na nitriti nyuma yake, na kinachoirudisha kila wiki ni ule usafi wa Jumapili. Tangi lenyewe nalo ni fupi mno kwa samaki huyu, ila hilo ni tatizo la miezi ijayo. Tushughulike kwanza na la leo.

Samaki hutoa amonia mfululizo, sehemu kubwa kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula vikioza huongeza nyingine. Haina rangi, na kwa kiwango kinachomuua samaki hata harufu yake huisikii. Mtoni inatawanyika, ndani ya lita 60 inarundikana. Anayemwokoa samaki wa tangini ni bakteria. Wapo wa aina mbili, wanaota kama utando mwembamba juu ya sponji, kokoto na vioo. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Shida ni kwamba wanaongezeka polepole: tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kabla hawajatosha kubeba mzigo wa samaki.

Sasa tazama hesabu yako. Samaki sita waliingia tangi lisilo na bakteria wowote, wakalishwa mara tatu kwa siku. Kufika siku ya tano amonia ilikuwa imepanda vya kutosha kuunguza matamvua, na aliye dhaifu akaenda wa kwanza. Bakteria wachache walioanza kujishika kwenye sponji walikutana na maji ya bomba Jumapili ile ile. Klorini hutiwa kwenye maji ya mji kusudi iue bakteria, na hawa wako haiwabagui. Kwa hiyo tangi lako lina umri wa mwezi mmoja kwenye kalenda, lakini kibaiolojia kila Jumatatu linaanza upya.

Hapa nifafanue jambo ambalo watu wengi hulichukua vibaya. Wingi wa maji unayobadilisha haukudhuru. Wazalishaji wa samaki malaika hubadilisha nusu ya maji na zaidi, wengine kila siku, na samaki wananawiri. Bakteria wanaoelea majini ni wachache sana. Makao yao ni kwenye sponji na kokoto. Kosa ni kuosha makao hayo kwa maji yenye klorini, kujaza maji ambayo klorini haijatolewa, na kumtoa samaki kwa wavu kila wiki kwenda ndoo na kurudi. Malaika ni samaki mwoga. Purukushani hiyo peke yake inatosha kumkatisha hamu ya kula kwa siku mbili.

Kuanzia leo

Badilisha nusu ya maji, samaki wakiwa humo humo. Tumia mpira mwembamba wa kufyonzea, upitishe juu ya kokoto uchukue uchafu uliotuama, na uachie hapo. Sponji usiiguse. Makome yatoe, sababu nitaieleza mbele.

Maji ya kujazia lazima yasiwe na klorini. Njia rahisi ni kuyaacha kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24 hadi 48, na ukiweka jiwe la pampu ya hewa ndani yake inatoka haraka zaidi. Njia ya uhakika ni dawa ya kuondoa klorini ya madukani kwa wauza samaki, au fuwele za sodiamu thaiosalfeti kutoka kwa wauza kemikali za maabara. Yeyusha gramu 10 za fuwele kwenye mililita 100 za maji safi, weka kwenye chupa nyeusi yenye kifuniko, na utumie mililita 1 kwa kila lita 10 za maji ya bomba. Kiasi hicho kinatosha kwa klorini ya kawaida, na ukikizidisha mara mbili hakimdhuru samaki. Kama mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) badala ya klorini, kuyaacha maji wazi hakusaidii. Hapo ni dawa tu. Maji ya simtanki yaliyokaa siku mbili tatu klorini yake huwa imepungua sana, lakini ukiwa na dawa itie tu.

Joto la maji mapya lisipishane na la tangini kwa zaidi ya nyuzi 2. Pima kwa kipimajoto, maana mkono unadanganya, na simtanki lililokaa juani saa nane mchana linaweza kutoa maji ya nyuzi 35.

Kisha yeyusha vijiko viwili vya chai vya chumvi ya kawaida, kama gramu 12, kwenye kikombe cha maji ya tangi, umimine polepole. Chumvi haiondoi amonia. Kazi yake ni kwenye nitriti: nitriti inapoingia kwenye damu inaizuia isibebe oksijeni, matamvua yanageuka ya kahawia, na samaki anahema juu juu kama ulivyoeleza ingawa hewa majini ipo. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inashindana nayo mlangoni pa matamvua na kuipunguza kuingia. Ukibadilisha maji siku zinazofuata, rudisha chumvi kulingana na maji uliyoyatoa tu. Ukibadilisha lita 20, weka theluthi ya kile kiasi.

Chakula simamisha siku mbili. Hawatakufa njaa; samaki mzima anakaa siku kadhaa bila kula. Baada ya hapo walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika moja, mpaka vipimo vitulie.

Na vipimo ndivyo vitakavyokutoa gizani. Nunua vifaa vya matone vya kupima amonia, nitriti, nitrati na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji: chini ya 7 ni machachu, juu ya 7 si machachu. Vile vya karatasi ya kuchovya ni rahisi lakini havina usahihi, na vingi havipimi amonia kabisa. Pima kila siku. Amonia au nitriti ikifika miligramu 0.5 kwa lita, badilisha theluthi hadi nusu ya maji siku hiyo. Utaona amonia ikipanda kwanza, kisha ishuke huku nitriti ikipanda, na mwisho nitriti ishuke na nitrati ianze kuonekana. Zote mbili zikisoma sifuri wiki nzima bila wewe kuhangaika na ndoo, tangi limeiva.

Ukitaka kufupisha wiki hizo, tafuta mtu mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake hawaumwi, akupe kipande cha sponji yake iliyotumika. Kisafirishe kikiwa kimelowa kwenye maji ya tangi lake, kisikauke wala kupata joto, na ukiweke ndani ya filta yako siku hiyo hiyo. Hakuna dawa ya chupa inayokishinda. Tahadhari ni moja: bakteria wazuri husafiri na vimelea wabaya, kwa hiyo usichukue kwa muuzaji ambaye matangi yake yana maiti zinazoelea.

Sponji utaiosha lini? Pale utakapoona mapovu yanatoka kwa unyonge, kwa kawaida baada ya wiki tatu nne. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, izamishe humo, ikamue mara tatu au nne, uirudishe. Maji ya ndoo yatatoka meusi kama chai ya rangi na sponji itabaki kahawia. Iache hivyo hivyo. Ule ukahawia unaokera macho ndiyo filta yenyewe. Sponji ya manjano inayong'aa kama ya dukani haichuji chochote zaidi ya vumbi.

Kwa nini Dar amonia inauma zaidi

Amonia majini huwa katika sura mbili, moja kali na nyingine isiyo na madhara makubwa, na zinazoamua ni pH na joto. Kwenye maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, sehemu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikiwa 8, inapita asilimia 6. Kipimo kile kile cha chupa, sumu karibu mara kumi. Ndiyo maana mtu wa Pwani anapoteza samaki kwa kosa ambalo mwenzake mwenye maji laini na ya baridi analivuka salama.

Miamba ya ukanda wetu kuanzia Dar hadi Mombasa ina matumbawe na chokaa, hivyo maji ya visima mara nyingi ni magumu, yaani yana madini mengi ya chokaa, na pH yake iko juu, na visima vya karibu na bahari vina chumvi pia. Kama mtaani kwenu mnachanganya maji ya bomba na ya kisima, pima yote mawili kabla hujaamua utumie lipi. Samaki malaika asili yake ni bonde la mto Amazon, kwenye maji yanayokwenda polepole kati ya mizizi na miti iliyofurika, maji laini yenye pH ya chini ya 7. Wanaouzwa madukani wamezalishwa na wafugaji vizazi vingi, wanaishi vizuri kwenye pH 6.5 hadi 7.5, na hata 8 wataivumilia ikiwa haiyumbi. Usiikimbize namba. pH 7.8 inayokaa pale pale ni salama kuliko 6.8 ya leo na 7.6 ya keshokutwa.

Kwa hiyo limau, siki na magadi visiingie tangini. Limau hushusha pH kwa saa chache, maji magumu yanaipandisha tena, na samaki anabaki anayumbishwa. Magadi yanaipandisha kabisa. Ukitaka kulainisha maji, changanya na ya mvua: acha mvua ioshe bati kwa dakika kumi na tano za mwanzo, kinga baada ya hapo, na uchanganye sehemu moja ya mvua kwa mbili za bomba kila unapobadilisha. Bati lenye kutu au rangi inayobanduka usikinge.

Yale makome ndiyo yanayofanya kinyume. Gamba ni chokaa tupu, linayeyuka polepole na kupandisha ugumu na pH siku zote. Jaribu mwenyewe: chukua kome kavu, dondoshea siki. Utaona vipovu vidogo vinachemka pale tone lilipoangukia. Jiwe lolote linalotoa vipovu hivyo halifai kwa samaki malaika, na matumbawe vivyo hivyo. Yatunze kwa siku utakayofuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, ambao maji magumu yenye pH ya 8 ndiyo nyumbani kwao. Na kwa sababu hiyo hiyo hawafai kuchanganywa na malaika, ingawa wote ni jamaa wa ukoo mmoja na sato na perege. Maji yanayompendeza mmoja yanamchosha mwingine, na wale wa Nyasa ni wagomvi kupita kiasi.

Kitu ninachokipenda kwa malaika, na kinapatikana bure mitaani Dar, ni majani ya mkungu. Okota yaliyoanguka yenyewe, ya kahawia na makavu, mbali na barabara yenye moshi na mahali panapopuliziwa dawa. Yaoshe, yaloweke kwenye maji ya moto kwa dakika kumi, weka jani moja kwa kila lita 50. Maji yatapata rangi ya chai nyepesi, ambayo ndiyo rangi ya mito mingi ya kwao. Hayatashusha pH ya maji magumu kwa kiasi cha kupimika sana, lakini yanazuia ukungu kwa kiasi fulani, na samaki kwenye maji yenye kivuli hicho anatulia. Jani likianza kubaki mishipa mitupu, litoe na uweke lingine.

Tangi la kudumu

Huyu unayemwona kama sarafu, kwa miezi minane hadi kumi na miwili atakuwa na mwili wa sentimita 12 hadi 15, na kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini atavuka sentimita 20. Tangi lako lina kina cha 35. Toa sentimita 5 za kokoto na 2 za juu ambazo hujazi, zinabaki 28. Mapezi yatakunjika, atageuka kwa shida, na samaki anayeweza kuishi miaka kumi atadumaa. Urefu wa maji ndicho kitu cha kwanza kwa malaika: usiende chini ya sentimita 45, na 50 ni bora.

Kwa kundi la watano mwambie fundi wa vioo na aluminiamu akutengenezee urefu 100, upana 40, kina 50, sawa na lita 200. Kioo kiwe milimita 10, na juu aweke mikanda ya kioo ya kuzuia kuta zisitanuke. Msisitizie silikoni: iwe ile safi ya akwariamu. Silikoni za bafuni na jikoni nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo inaua samaki. Iachwe ikauke wiki nzima, kisha tangi lijazwe nje kwa siku mbili kabla halijaingia sebuleni. Likijaa na kokoto zake litafika kama kilo 250, kwa hiyo meza ya televisheni haifai. Tengeneza stendi ya chuma au mbao nzito, iweke sawa kwa pimamaji, na chini ya tangi tandika foomu nyeupe, ile inayokuja ndani ya boksi la televisheni, unene wa sentimita 2. Foomu inameza vijiwe na mabonde madogo ambayo yangepasua kioo cha chini. Mbali na dirisha la jua, tafadhali. Maji ya nyuzi 30 yakishiba oksijeni yana kama miligramu 7.5 tu kwa lita, dhidi ya 9 kwenye nyuzi 20, na mchana wa Februari yakipanda 33 samaki watahema hata amonia ikiwa sifuri.

Joto wanalolitaka ni nyuzi 26 hadi 28. Dar utalipata bila hita karibu mwaka mzima. Msomaji wa Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi anahitaji hita ya wati 200 kwa tangi hili.

Filta ichague ukifikiria umeme. Sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa zinatosha lita 200 zenye malaika watano, mkondo wake ni mpole kama wanavyoupenda, na umeme ukikatika unachomeka pampu ndogo ya betri kwenye mpira ule ule, kazi inaendelea. Filta ya nje yenye kopo lililofungwa inachuja vizuri zaidi, chagua ya lita 800 hadi 1,000 kwa saa, lakini ikizimika saa kadhaa bakteria waliomo ndani wanakosa hewa na kuanza kufa. Ikiwa imelala bila umeme usiku kucha, usiiwashe moja kwa moja. Ifungue, mwaga maji yaliyovunda, suuza sponji zake kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Ndani weka vitu vilivyosimama: gogo lenye matawi, mimea ya majani mapana na mirefu, hata mabomba ya plastiki ya kijivu yaliyosimamishwa wima. Mwili wa malaika umebanwa kama sahani kwa sababu ya kupenya kati ya mizizi na mashina, na akikosa pa kupenya anakuwa na wasiwasi siku zote.

Mmoja anamfukuza mwenzake

Hilo litakuwepo kwa kadiri watakavyobaki wawili. Malaika wana ngazi ya ukubwa kati yao. Wakiwa watano, hasira ya mkubwa inagawanyika na hakuna anayepokea yote. Wakiwa wawili, mdogo anaipokea peke yake, hali chakula, anajificha kona ya juu nyuma ya filta, anadhoofu na kufa, na mtu anadhani ni ugonjwa. Kwa sasa weka kizuizi cha wavu mgumu wa plastiki katikati ya tangi, maji yapite lakini wao wasifikiane, au angalau panga mmea na gogo katikati ili wasionane muda wote. Mlishe kila mmoja upande wake.

Usidhani ni dume na jike. Kwa umri huo hata mfugaji mzoefu hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Kinachoaminika ni kijibomba kinachotokeza chini ya tumbo wakati wa kutaga: cha dume chembamba na kimechongoka, cha jike kinene na butu. Hayo ni mambo ya miezi minane na zaidi. Siku wawili watakapoanza kusafisha kwa midomo jani moja au bomba la filta na kuwafukuza wengine wote upande wa pili, hapo una jozi, na hao wengine watahitaji tangi lao.

Majirani wa kuwachanganya nao ni suala la ukubwa wa mdomo. Samaki yeyote anayeingia mdomoni mwa malaika ataliwa siku moja, wakiwemo neoni na gapi wadogo. Tiger barbi wanawararua mapezi. Goldfishi anapenda maji ya baridi na anachafua mno. Koridorasi sita wa kuokota mabaki chini, na ansistrasi mmoja wa kulamba vioo, wanatosha.

Chakula

Mara tatu kwa siku si tatizo kwa samaki wachanga, tatizo ni kiasi. Tumbo la malaika mdogo halizidi jicho lake sana. Mara mbili kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, na kinachozama bila kuliwa ukifyonze. Chakula kikuu kiwe punje ndogo za dukani zenye protini ya kutosha. Ugali, wali na mkate viache mezani. Huyu ni mla wadudu.

Viluwiluwi vya mbu ni karamu kwao na vinawarudishia rangi haraka, ila vina masharti. Weka ndoo ya maji yenye majani machache nyuma ya nyumba, na kila baada ya siku mbili chuja YOTE kwa chujio la chai, suuza, uwape. Kwa joto la Dar kiluwiluwi kinakuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, na ndoo kama hiyo ndiyo wanayoipenda mbu wa dengi, ugonjwa uliosumbua jiji hili mwaka 2014 na tena 2019. Kama unasafiri au unajijua kuwa ni msahaulifu, usiianzishe ndoo hiyo. Minyoo myekundu ya mitaroni usiwape kabisa; inakuja na uchafu wa mtaro.

Ukiona haya

Vidoti vyeupe kama chembe za chumvi kwenye mapezi ni iki. Pandisha joto polepole, nyuzi 1 kila saa kadhaa, hadi 30, ongeza mapovu, na ulishikilie siku 10 hadi 14 hata vidoti vikipotea mapema, kwa sababu kimelea hufa kikiwa kinaelea majini na si kikiwa mwilini. Kinyesi cheupe kirefu kama uzi, pamoja na tumbo kubonyea na kukataa chakula, ni vimelea vya utumbo. Dawa yake ni metronidazoli, miligramu 250 kwa kila lita 40, mara tatu kwa kupishanisha siku, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Pezi lililochanika kingo zenye weupe, mara nyingi ni maji machafu. Pima kabla hujakimbilia dawa. Antibiotiki za kumwaga tu tangini zitaua wale bakteria uliowalea wiki sita.

Wengine utawanunua lini

Tangi la lita 200 likiwa tayari, hamishia humo sponji yako iliyoiva pamoja na kokoto zake, jaza maji yaliyotolewa klorini, na samaki wako wawili waingie siku hiyo hiyo. Wiki mbili za vipimo vya sifuri zikipita, nunua watatu wanaolingana nao ukubwa. Dukani simama dakika kumi bila kuchagua. Mtazame kila mmoja: mapezi yamesimama, macho maangavu, paji la uso limejaa na halijachongoka kama kisu, tumbo halijabonyea. Mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekuja kula mwache, hata akiwa ndiye mwenye madoa mazuri kuliko wote. Tangi moja likiwa na mgonjwa, usichukue hata mzima wa tangi hilo.

Wakae karantini wiki tatu kwenye lile tangi lako la lita 60, ambalo hapo litakuwa limepata kazi inayolifaa, likiwa na sponji uliyoiweka mapema kwenye tangi kubwa ili ipate bakteria. Wakitoka, hamisha gogo na mimea ya tangi kubwa siku hiyo hiyo ili wenyeji nao wajikute ugenini na mipaka yao ya zamani ivunjike, ingiza wapya jioni taa ikiwa imezimwa, na usiwalishe mpaka asubuhi. Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Ikionekana hata 0.25, badilisha robo ya maji siku hiyo na upunguze chakula nusu mpaka irudi sifuri. Baada ya hapo ni theluthi ya maji kila wiki, Jumapili ile ile yako, samaki wakiwa ndani.